Kurasa Kumi na Mbili za Fundi Subiri

Kompyuta mpya ziliwasili Jumatatu, zikapigwa picha pamoja na meneja. Jumanne saa tatu asubuhi hakuna hata moja iliyokubali kufungua ukurasa wa mitambo.

Ukurasa huo ndio uliokuwa macho na mikono ya kampuni. Kampuni ilikuwa na vyumba tisa vya baridi, vikubwa kama kumbi za harusi, vimejaa nyama, samaki na dawa za watu. Aliyetaka kujua chumba kina baridi kiasi gani, au kuwasha kompresa, hakwenda kushika ukuta. Alifungua brauza kwenye kompyuta, akaandika anwani ya ndani, na ukurasa ukamwonyesha vyumba vyote tisa kwa rangi: kijani salama, njano angalia, nyekundu hasara. Lakini ukurasa wenyewe ulitengenezwa zamani na waliouuza walishafunga duka. Ulitaka brauza ya zamani, ndani yake plagini ya zamani, yaani kiongezo cha kuchomekwa kwenye brauza, na chini ya plagini ile programu ya kuiendesha ambayo mafundi huiita injini, nayo toleo moja tu, si la kabla wala la baada. Brauza zilizokuja na kompyuta mpya ziliutazama ukurasa huo kama tajiri anavyowatazama jamaa wa shamba wakibisha hodi. Zikaonyesha weupe mtupu.

"Kwa nini ni mweupe?" meneja aliuliza.

"Mkuu, wiki iliyopita nilisema kwamba…"

"Sijauliza ulisema nini. Nauliza kwa nini ni mweupe."

Aliyekuwa akijibu ni fundi wa kompyuta, mtu mwembamba wa miaka arobaini na kitu, ambaye kampuni nzima ilimwita Subiri. Ukurasa ulichukua dakika saba kufunguka, na kwa miaka kumi na moja alisimama nyuma ya kila bosi akisema, "Subiri mkuu, unakuja, subiri kidogo." Miaka hiyo yote alikuwa kibarua. Mikataba ya miezi mitatu mitatu, arobaini na minne kwa hesabu. Wapo watakaosema alizembea kudai haki yake. Hao hawakuwepo mwaka ule mpakiaji mmoja alipodai. Aliambiwa aandike barua, akaiandika, ikapokewa kwa heshima, ikagongwa mhuri, na nakala yenye mhuri huo ndiyo aliyopewa mlinzi wa getini kesho yake ili asikosee mtu wa kumzuia.

Kompyuta ya zamani, ile pekee iliyokuwa na mpangilio wote, meneja alikuwa ameshaiamuru itolewe ikauzwe kwa kilo. Subiri aliikuta ukumbini, imelazwa ubavu juu ya viti vibovu, karatasi yake ya USIGUSE bado imebandikwa usoni. Aliibeba kifuani kama mtoto mgonjwa, akaiunganisha, feni ikaanza kukoroma. Dakika saba watu saba walisimama wakiutazama weupe. Ukurasa ulipofunguka, chumba cha nne kilikuwa njano. Aliwasha kompresa ya akiba. Baada ya muda njano ikawa kijani.

Hakuna aliyesema asante.

"Kwa hiyo siri yote iko kwenye hili bati?" meneja aliuliza.

"Si siri, mkuu. Ni mpangilio tu. Nini kinatangulia, nini kinafuata."

"Umeandikwa wapi?"

"Uko kichwani."

Meneja akakitazama kichwa cha Subiri kama mtu anayekadiria uzito wa mbuzi mnadani.

Mchana aliitwa ofisini na kuambiwa akae. Hakuwahi kuambiwa akae katika ofisi ile.

"Nyumba namba kumi na saba ni wewe?" meneja alianza.

"Ndiyo mkuu."

"Tangazo umeliona."

Alikuwa ameliona. Lilibandikwa getini siku tatu zilizopita: mwisho wa mwezi, asiye na barua ya ajira ya kudumu atoke katika nyumba za kampuni.

"Mkuu, mama yangu amevunjika nyonga. Daktari amesema wiki sita asiinuliwe kitandani. Bado wiki tano."

"Mimi nakuelewa. Makao makuu ndio hawana mama." Meneja akacheka peke yake. "Sasa sikiliza. Niandikie huo mpangilio. Hatua kwa hatua, kompyuta tupu, mtu asiyejua kitu, mpaka ukurasa ufunguke. Ukinipa hiyo, barua yako ya kudumu hii hapa." Akaigonga droo ya meza kwa vidole viwili. Droo haikufunguliwa.

*

"Umeiona barua?" mkewe aliuliza.

"Ameigonga droo."

"Nimekuuliza kama umeiona."

"Mama Watoto, mtu mzima hawezi kugonga droo tupu."

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa mlangoni ipate mwanga, na nyuma yake ndiyo ilikuwa nyumba yote: kitanda cha mama mkwe, pazia, na nyuma ya pazia mahali pao na watoto wawili. Alikata uzi kwa meno.

"Watu wazima ndio ninaowashonea, nawajua. Ukimpa mteja gauni kabla hajatoa chake, wewe unabaki na vipande."

"Mwache aandike," mama mkwe alisema kutoka kitandani. Alilala chali, mguu umefungwa katikati ya mifuko miwili ya mchanga. "Baba yake alikuwa fundi wa boila. Alikufa na ujuzi kichwani, tukazika vyote viwili. Andika, baba. Mimi hapa sitoki kwa mkokoteni watu wakinitazama."

Basi akaandika. Kila alasiri akitoka kazini aliketi kwenye meza ya kukatia vitambaa, akiandika kwanza upande wa nyuma wa karatasi za mitindo ya nguo. Na kila alipoandika, mkewe alimwambia asome kwa sauti.

"'Weka injini,'" alisoma.

"Niiweke wapi? Mimi mjinga, nieleze."

"Kwani si unabofya tu?"

"Nabofya nini? Naona nini? Nitajuaje kwamba imekubali? Sisi tukimwachia mwenzetu kitambaa, tunachora chaki: mkasi unaingia hapa, unatokea hapa, na hapa ukiona pamekunjamana umekosea, rudi. Wewe unaandika kama daktari. Unajiandikia mwenyewe."

Alikasirika, akafuta, akaanza upya kwa mtindo wa mkewe. Kila hatua ikawa na mistari mitatu: fanya hivi, utaona hivi, usipoona hivi rudi hatua moja. Chomoa waya wa intaneti kabla ya kuweka brauza ya zamani, la sivyo itajisasisha yenyewe na utakuwa umepoteza asubuhi yako. Zima masasisho. Weka injini ile ndogo, si ile kubwa, hata kama kompyuta itakusihi uweke kubwa. Iandike anwani ya ukurasa kwenye orodha ya wanaoaminika. Iruhusu plagini daima. Rudisha waya. Ukiona onyo jekundu linalosema hatari, bonyeza endelea.

"Lenyewe linasema hatari, na mimi niendelee?"

"Ndiyo."

"Kama ndoa," mkewe alisema, na mama mkwe akacheka mpaka nyonga ikamkaripia.

Zikatimia kurasa kumi na mbili. Siku ya nne usiku haujaingia alizinakili kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa shule, kila kichwa cha hatua kimepigiwa mstari kwa rula ya mshonaji.

Jumamosi asubuhi, ofisi zikiwa kimya, alimchukua mkewe hadi chumba cha mitambo, penye kompyuta za ukurasa ule. Alitaka kujaribu kazi yake kwa mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta, na mtu huyo alikuwa naye nyumbani.

"Shemeji," mlinzi alimtania, "leo umeleta chakula au umekuja kukagua?"

"Nimekuja kukupima. Tumbo hilo limeshinda vifungo."

Subiri alimkalisha mbele ya kompyuta mpya tupu, akampa kurasa na flashi yenye programu zote za zamani, akavuta kiti nyuma na kukalia mikono yake miwili. Alikuwa ameapa hatasema neno. Mkewe alisoma kwa kidole, midomo ikitembea. Hatua ya tano alikosea, hakuona alichoambiwa ataona, akarudi hatua moja kama ilivyoandikwa, akapita. Subiri alizidi kuikalia mikono. Dakika arobaini. Kisha zile saba za kungoja, wote wawili wakikitazama kiduara kikizunguka. Kisha vyumba tisa, vyote kijani.

Mkewe aliachia kicheko, akajipiga kifuani. "Ni mimi huyu?"

"Ni wewe."

"Mimi wa kidato cha pili?"

Alimtazama mkewe akigusa kioo kwa ncha ya kidole, na kwa dakika moja alijiona mtu aliyefanikiwa maishani. Dakika hiyo moja tu.

*

Jumatatu meneja alizipokea kurasa, akazipima mkononi, akazifungua katikati.

"Nitajuaje kama zinafanya kazi?"

Hapo angesema: mlete mtu yeyote, mjaribu. Angesema: kwanza tuione hiyo barua. Lakini mtu aliyekaa miaka kumi na moja bila kusifiwa ana njaa yake, na njaa hiyo haina akili.

"Zimejaribiwa, mkuu. Mke wangu mwenyewe amejaribu. Mshonaji yule, hajawahi kugusa kompyuta. Jumamosi, pale pale chumba cha mitambo, dakika arobaini, ukurasa huo ukafunguka!"

"Mke wako."

"Ndiyo mkuu."

"Chumba cha mitambo. Peke yake."

"Mimi mikono nilikuwa nimeikalia!"

Meneja aliziweka kurasa mezani. Kisha akasimama, akazunguka meza, akampa mkono. "Umefanya kazi kubwa sana, Fundi. Keshokutwa saa nne uje na mkeo."

Subiri alirudi nyumbani mkono umeshikwa na mkono mwingine, kana kwamba utamwagika. Wote watatu walilizungumza jambo hilo siku mbili. Waliona mke anaitwa kwa sababu ya nyumba: huenda barua ya kudumu inatiwa saini na mume na mke. Mkewe alivaa gauni la sherehe. Mama mkwe aliagiza waje na barua hiyo aishike.

Juu ya meza ya meneja kulikuwa na bahasha mbili. Alifungua ya kwanza akaisoma mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Kibarua tajwa, siku ya Jumamosi, kwa kukiri kwake mwenyewe, aliingiza mtu wa nje katika chumba cha mitambo na kumwachia mitambo, kinyume cha kanuni za usalama. Ajira yake inakoma leo.

Mke ndiye aliyezungumza kwanza.

"Huyo mtu wa nje ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Na bahasha hiyo nyingine?"

"Nayo ni yako." Meneja akaisukuma mbele kwa upole. "Mhudumu wa ukurasa wa mitambo. Mkataba wa mwaka, pamoja na nyumba. Makao makuu wanataka mtu aliyethibitishwa kwamba anaiweza kazi. Mumeo amekuthibitisha."

Mshahara ulioandikwa ulikuwa theluthi ya ule wa Subiri, kwa maelezo kwamba mhusika hana elimu ya fani.

"Ngoja nielewe," alisema mke. "Mimi ndiye kosa lake, na mimi ndiye badala yake?"

"Usiliweke hivyo."

"Niliweke vipi?"

"Liweke kwamba mgonjwa wenu hainuliwi kitandani." Sauti ya meneja haikubadilika. "Ila kuna kifungu. Aliyefukuzwa kwa nidhamu haishi ndani ya uzio. Nyumba ni ya mfanyakazi na wategemezi wake. Mama mkwe utamwandika, watoto utawaandika."

"Na mume wangu nimwandike wapi?"

Meneja aliipitia fomu kweli kweli, kidole kikishuka, kama mtu mwenye nia njema. "Hakuna nafasi yake," alisema. "Nipeni jibu saa kumi. Nina wasichana wanne wa chuo wanaolia kazi, na kurasa ninazo."

*

Walikaa kwenye ukingo wa saruji nyuma ya chumba cha kompresa, mahali wapakiaji walipozoea kula chakula. Mashine zilinguruma, ikawa heri, kwa sababu hawakusikika.

"Saini," Subiri alisema.

"Usiniambie saini kwa sauti hiyo."

"Nikuambie kwa sauti gani? Niimbe?"

"Tukodi chumba nje."

"Kwa kipi? Wenye nyumba wanataka miezi sita mbele. Na hata wangetupa bure, mama tunambebaje? Daktari amesema mfupa ukisogea amekwisha, hatembei tena."

Mke alikunja na kukunjua pindo la gauni. "Ningefanya nini, Baba Watoto? Uliniita ukaniambia soma."

Ndipo Subiri akasema jambo ambalo halikumtoka tena kichwani. "Hatua ya tano ulikosea. Ungekosea mara mbili tu, ukashindwa, leo tusingekuwa hapa."

Mkewe hakulia. Aligeuka akamtazama usoni.

"Na wewe ungenyamaza mara moja tu."

Saa kumi kasoro dakika tano alitia saini. Mkono wake ulikuwa imara, mkono wa kupitisha uzi. Kwenye fomu ya wategemezi aliandika watatu.

Nyumbani mama mkwe alikuwa macho. "Barua imetoka?"

Wakatazamana. Daktari alikuwa amesema pia habari ya presha. "Imetoka, mama," alisema mke. Haukuwa uongo. Mama mkwe aliishika ile bahasha, akaupapasa mhuri wake, maana kusoma hakujua, akailaza juu ya kifua chake. "Mwanangu," alisema, "sasa nimekuona mtu."

Siku hiyo hiyo wakamtungia hadithi: kazi ya kudumu ina zamu ndefu, mwanawe analala huko huko kazini, atakuwa anakuja Jumapili. Subiri alitia nguo kwenye mfuko wa mchele na kutoka kabla mlinzi hajatumwa kuja kumtoa. Rafiki yake fundi redio alikuwa na kibanda sokoni. Akampa nafasi chini ya meza.

Jumapili ya pili alikwenda getini, amenyoa, amevaa shati la kazini.

"Mgeni wa nani?" mlinzi aliuliza.

"Si unanijua?"

"Mimi nakujua. Kitabu hakikujui." Mlinzi hakumtazama machoni. "Kaka, nina watoto. Mfanyakazi aje akupokee, aweke saini. Saa moja, halafu akusindikize mpaka hapa nikuone unatoka."

Mkewe alikuja kutoka chumba cha mitambo, amevaa sare ya kampuni aliyoipunguza mwenyewe kiunoni, maana hawakuwa na saizi ya mwanamke. Siku hizi alikuwa akiingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, Jumapili vilevile. Cherehani ilifunikwa shuka. Aliweka saini. Walitembea hadi nyumba namba kumi na saba wameachana hatua mbili, kwa sababu dirisha la meneja lilitazama upande huo. Alimwacha mlangoni akarudi kwenye ukurasa.

Ndani mama yake alikuwa peke yake, na hewa ilikuwa nzito. Subiri alimgeuza, akamwosha mgongo, akabadilisha shuka, akamnywesha maji. Mama akamshika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, ninalo neno."

"Sema, mama."

"Nyumba hii ni ya jasho lako. Umepata barua, umekuwa mtu. Lakini huyo mke wako, tangu siku ile, hakai nyumbani. Anatoka alfajiri kajipamba, kavaa manguo ya kubana kiuno, anarudi jua limekuchwa. Nalala na mkojo wangu mchana kutwa. Cherehani hagusi. Nimesikia kwa masikio yangu mwanamume akimwita dirishani, 'mama, njoo upesi, bosi anakutaka.' Bosi wake nani? Wewe unaua mgongo huko zamu mbili, mwenzio anazurura. Mkanye. Ikishindikana mrudishe kwao."

Subiri alikaza kamba ya mfuko wa mchanga. Kulikuwa na maneno matano au sita tu ya kusema, na kila moja lingemtoa mama yake kitandani.

"Nitasema naye, mama," alisema.

Alipoinua macho mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Saa moja ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, kama uso wa mtu anayengoja ukurasa, na mkononi alishika kile kikaratasi cha mgeni kilichotakiwa kurudishwa getini.

"Twende," alimwambia mumewe. "Muda umekwisha. Wataniandika."

Subiri akasimama. Alimpita mkewe mlangoni bila nguo zao kugusana.

"Unaona?" mama yake alisema, akigeuzia uso ukutani. "Sasa mpaka mwenye nyumba anatolewa nje."